Ua Lenye Adabu

Tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Ukifungua kopo hili usishtuke ukadhani nimekutumia tope. Tope ni la safari tu. Ndani ya gazeti lililolowa kuna mmea. Mizizi inakaa chini, majani yanakaa juu. Naandika hivyo kwa sababu nakujua, wewe ndiye uliyewahi kupanda kitunguu kichwa chini na kukilaumu kitunguu.

Ni mmea wa majini, ila hautaki maji mengi. Kina cha kiganja kinatosha, tope kidogo chini na jua la kutosha. Hapa kwenye bustani ya miche ninapofanya kazi, watu wamekuwa wakiununua kwa ajili ya vidimbwi vya mbele ya nyumba zao. Umetoka ng'ambo. Ng'ambo ipi, hata bosi hajui. Unatoa maua ya manjano, na ukianza kutoa hauachi.

Mwekee Baba mlangoni, pale anapokaa. Uliniambia tangu apate kiharusi anatazama ukuta tu. Basi atazame kitu chenye uhai. Mwambie ni badala yangu kwa sasa, mpaka mvua ziishe nije mwenyewe nikupokee, kama tulivyokubaliana, ili na wewe uende ukaishi na mumeo kama watu wengine.

Simu tuiache. Mtandao wa huko mpaka mtu apande juu ya tangi, na ukishuka nao Baba anasikia kila neno. Nitakuwa naweka karatasi mbili, moja yako na moja ya kumsomea yeye. Usizichanganye.

Mdogo wako,
Kitindamimba

(Karatasi ya Baba)
Shikamoo Baba. Nimekuletea ua. Halihitaji kubembelezwa wala kufokewa. Tafadhali usilimwagie chai iliyobaki. Mimi mtoto wako wa mwisho.


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Mmea umefika. Ulikuwa umenyauka kama mimi, lakini mzima. Nimeuweka kwenye lile karai la kufulia lililoota kutu, pembeni ya ngazi.

Nikwambie ukweli, nilipolifungua kopo nilikasirika. Nilikuwa nasubiri uniambie tarehe ya basi, nikaletewa tope. Nikaliacha juu ya meza siku nzima. Baba ndiye aliyenyoosha mkono ule mzima akalivuta.

Wiki iliyopita ua likachanua. Nilikuwa jikoni nikasikia sauti nikadhani anakabwa, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Alikuwa anacheka. Mdomo upande mmoja tu, ule uliosalimika, lakini ni kicheko chake kilekile cha zamani. Sijakisikia tangu augue. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi na mwiko wangu nikalia kidogo, chakula kikaungua.

Sasa sikia kilichomchekesha. Ua likimaliza siku yake, bua linaanza kujipinda polepole, linainama mpaka kichwa kinagusa maji. Nikamuuliza, "Linaanguka?" Unajua siku hizi maneno yake ni ya kuhesabika. Akasema, "Linaamkia." Halafu akaliitikia, "Marahaba." Tangu siku hiyo kila ua likiinama anaitikia. Anasema lina adabu kuliko sisi wote wawili.

Huku mambo ni yaleyale. Kumnyanyua, kumwosha, kumkanda mkono, kupika, kulala nikiwa nimetega sikio. Jumamosi ni mfereji, kama ulivyouacha: kila nyumba inasafisha kipande chake, uchafu unausukuma chini kwa mwenzako, naye anausukuma kwa mwenzake, mpaka unaishia kwa Mama Bata, ambaye anasimama ukingoni na kututukana nyumba moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Usiku mgongo unaniuma mpaka nasahau nina miguu.

Shemeji yako amepata chumba karibu na kiwanda cha mbao alikohamishiwa. Kina madirisha mawili. Ananiuliza nitakwenda lini. Nimemwambia mvua zikiisha. Nimeshamwambia hivyo mara nyingi, ila safari hii nimelitaja jina lako. Usiniangushe.

Dada yako


Tarehe 17 Aprili

Dada,

Hiyo "marahaba" nimewasomea wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa hapa kila mtu akiinama kufunga kiatu anaitikiwa. Nilifurahi sana, Dada. Niliisoma barua yako tena na tena nikiwa kwenye foleni, nikiwa jikoni, popote.

Sasa usikunje uso. Mvua hizi zikiisha sitaweza. Bosi anasema ndio msimu wa kupanda, hatoi ruhusa kwa mtu yeyote. Nipe mpaka mwezi wa saba. Mwambie shemeji mwezi wa saba ni ahadi.

Lile ua liko vipi? Bado liko kwenye karai? Liache humohumo kwenye karai.

Mdogo wako,
Kitindamimba

(Karatasi ya Baba)
Shikamoo Baba. Nasikia umepata mtoto mwenye adabu. Mimi sina wivu. Ila mwambie asizoee sana kiti changu, nakuja.


Tarehe 20 Juni

Mdogo wangu,

Baba hajambo. Amenenepa kidogo mashavuni. Mkono wa kulia bado umelala lakini vidole viwili vinacheza ukivikanda na mafuta ya moto.

Ua lako halikutosha tena kwenye karai. Miche ilijaa hadi ikapandana, na Baba akawa anaonyesha kwa fimbo kule kwenye kidimbwi kando ya lango la maji. Unajua lile lango ndiyo maisha yake. Miaka yote ile akiwa mgawa maji, kulifungua na kulifunga, zamu ya huyu na zamu ya yule, na kila mtu akimwogopa. Basi nikaihamishia huko miche michache. Barua yako ya kusema liache kwenye karai ilikuta nimeshamaliza.

Pamependeza. Manjano tupu. Watu wakija kuchota wanasimama kutazama, na baadhi waliomba miche, nikawapa. Baba anapelekwa pale asubuhi na kiti chake, anakaa kama bosi aliyerudi kazini.

Maji ni safi. Kila kitu kiko sawa, usiwe na wasiwasi.

Mwandiko uniwie radhi. Viganja vimechubuka kidogo. Mmea ukiukata unatoa utomvu mweupe, na utomvu hauelewani na ngozi yangu. Nimejinunulia mabuti ya mpira ya kuingilia mferejini, maana siku hizi Jumamosi zimeongezeka.

Mwezi wa saba ndio huo unabisha hodi. Nimeanza kufua nguo zangu za safari. Nazifua na kuzikunja, halafu nikiwa na nafasi nazikunjua nazikunja upya.

Dada yako


Tarehe 11 Julai

Dada,

Sitakuja mwezi huu. Nisamehe. Mambo ya kazini hayajatulia, nitakueleza siku nyingine, sasa hivi sina nguvu ya kueleza.

Kitu kimoja. Kata vichwa vya maua kabla havijainama. Usingoje viguse maji. Usiniulize kwa nini, wewe kata tu, na usivitupe mferejini.

Mdogo wako

(Karatasi ya Baba)
Shikamoo Baba. Nimechelewa, lakini kuchelewa si kutokuja. Umtunze huyo mwenye adabu mpaka nifike.


Tarehe 30 Agosti

Mdogo wangu,

Leo hakuna karatasi ya kuficha wala ya kuonyesha. Nimechoka, na nikichoka sijui kupamba.

Nilikuandikia kwamba maji ni safi. Hayakuwa safi tangu mwezi wa tano. Ua lako lilitoka kidimbwini likaingia mferejini, na mferejini maji ni mafupi na tope ni jingi, yaani limekuta kitanda kimetandikwa. Sisi tukafanya tunavyofanya siku zote. Kila Jumamosi kila nyumba ilikata yaliyo kwenye kipande chake, ikayasukuma chini. Na wa chini akasukuma. Nilikuwa naingia mpaka magotini, nakata kwa panga, nasukuma kwa reki, narudi nyumbani najisikia nimefanya kazi ya maana. Mwezi uliopita maji yaliacha kabisa kufika mashamba ya chini. Mpunga wa Mama Bata umekauka ukiwa na masuke machanga, na bata wake wanatembea kwenye nyufa.

Akaja afisa wa maji na picha. Akatukusanya ukingoni akatuonyesha. Ni mmea wa kigeni, unavamia kila penye maji mafupi. Kila kichwa kimejaa mbegu, na mbegu zinaelea. Na pale kichwa kinapoinama kikagusa maji, hapohapo kinaotesha mtoto. Umesikia? Ile adabu yote ni uzazi. Na kila Jumamosi tulipokuwa tunasukuma chini, tulikuwa tunapanda mfereji mzima kwa mikono yetu wenyewe. Hata Mama Bata alikosa tusi.

Halafu akasema kitu kingine, kwa kupita tu, akikunja picha yake. Akasema bustani zote za miche zilipewa amri tangu Januari kuuchoma. Januari. Wewe kopo lako lina tarehe gani? Nilisimama pale na mabuti yangu yamejaa maji, nikahesabu miezi kama mjinga. Ulijua. Ulijua ulipolitia kwenye gazeti. Ulijua uliponiambia kata usiniulize.

Tukang'oa upya, safari hii na mizizi, tukatia kwenye magunia, tukaanika juani. Mfereji ukawa mweupe. Haukupita muda, yakarudi, na yalianzia juu. Mama Bata akaja mpaka mlangoni, akasema bila kelele, na unajua yeye asipopiga kelele ni balaa: "Bibi, kitu kinatoka juu, na juu ni kwenu." Nikamwapia. Nikamwambia kwetu nimeng'oa mpaka la mwisho.

Juzi asubuhi naanika nguo, namwona Baba anajikokota na fimbo kwenda nyuma ya tangi. Nikamfuata. Kuna sufuria lile lisilo na kifuniko, ndani yake ua limechanua. Kuna ndoo yake ya zamani ya haja, nayo imechanua. Kuna hata tumbo la ile redio iliyokufa, amelitandika nailoni, amelitia maji. Na vichwa vilivyokomaa alikuwa anavipeleka mwenyewe langoni anavitia majini, eti visikae peke yao.

Nikamwambia, Baba, hiki ndicho kinachoua maji. Wewe uliyekuwa unamfungia mtu zamu yake kwa jani moja tu alilotupa mferejini, leo unafanya hivi? Akalikumbatia sufuria kwa mkono ule mzima. Akasema, "Ni la mtoto."

Nikamuuliza, "Na mimi je? Mimi ni nani?"

Akanitazama vizuri sana, wala hakuwa amepotea akili. Akasema, "Wewe upo."

Basi. Mimi nipo. Mimi ni kama ngazi. Nimemwosha, nimemlisha, nimemgeuza kitandani, na hajawahi kuficha hata kitambaa changu. Mimi nikitaka kulitupa ua lako nitampokonya kwa nguvu, na hilo siliwezi. Nikimwachia, watu watakosa maji na watatuchukia, na watakuwa na haki.

Shemeji yako haniulizi tena nitakwenda lini. Anaandika habari za mbao na hali ya hewa. Zamani aliponiuliza nilikuwa naudhika. Sasa ameacha, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Dada yako


Tarehe 8 Septemba

Dada,

Ulitaka nikane. Sikani. Tuliambiwa tuchome. Tuliirundika nyuma ya banda, ikakaa juani siku kadhaa ikisubiri kiberiti, na nilipopita nikakuta mmoja umechanua juu ya rundo. Wenzake wamekauka, wenyewe umechanua. Nikamfikiria Baba. Hapakuwa na zaidi ya hilo. Nilidhani kwenye karai hauna madhara.

Nilitaka kukwambia Machi. Nilishaianza barua. Ikafika ya kwako, Baba amecheka, Baba anaitikia marahaba, na wewe umelia na mwiko wako. Ungekuwa wewe ungeandika nini? Niambie kabisa, ungeandika "litupe"?

Na wewe usijitoe. "Maji ni safi, kila kitu kiko sawa." Uliniandikia hivyo na viganja vimechubuka. Mimi ningejuaje? Tumeoneana huruma mpaka tumewakausha watu mpunga.

Halafu hakuna msimu wa kupanda. Bustani ilifungwa Aprili. Nakunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nakunja mpaka nikilala nakunja. Sikutaka kurudi hivi. Unakumbuka nilivyoondoka, na miwani yangu ya jua na maneno mengi? Nilikuwa nasubiri nipate kitu cha kurudi nacho. Sijakipata, na naona sitakipata hivi karibuni.

Nakuja hivyohivyo. Msomee Baba karatasi yake mbele ya hizo sufuria.

Mdogo wako

(Karatasi ya Baba)
Shikamoo Baba. Lile ua sasa litupe. Lote, na la kwenye redio. Nililituma likae badala yangu, na badala haihitajiki tena. Nakuja mwenyewe, kwa basi, mwisho wa mwezi huu. Usinifichie hata moja, nitakagua.


Tarehe 21 Septemba

Mdogo wangu,

Nilimsomea. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akaitaka karatasi yenyewe, akaishika akaitazama, ingawa miwani yake ilikuwa juu ya meza.

Siku hiyo hakufanya kitu, nikajua tumeshindwa. Asubuhi yake nimeamka namkuta nje. Ameyatoa yote. Ameyamwaga juu ya mawe ya mbele ya ngazi, penye jua kali, amevuta kiti amekaa kuyalinda yasirudi majini. Nilimkuta la mwisho ameliweka kwenye paja, hajalitupa bado. Nilipompelekea chai alikuwa ameshalitupa. Chai iliyobaki akaimwagia juu yake.

Tangu hapo kila basi likipiga honi barabarani anainua fimbo.

Umenitukana kidogo kwenye barua yako na nilistahili. Sina nguvu ya kugombana. Ila nisikilize, Kitindamimba. Sasa hana ua na hana wewe. Amebaki na ile karatasi. Mwisho wa mwezi ukipita mimi sitakuwa na la kumsomea.

Mabuti nitakuachia. La kushoto limetoboka kisigino, utanunua mengine.

Dada yako


Tarehe 14 Novemba

Dada,

Leo mimi ndiye niko mezani kwako, kwenye kiti chako kinachoyumba, na wewe ndiye uko mbali. Sijazoea. Nimeandika tarehe halafu nikakaa kidogo natafuta nianzie wapi.

Mfereji kwanza, maana najua utauliza. Hatusukumi tena chini. Kila nyumba inang'oa na mizizi na kutia kwenye magunia, na magunia yote yanaletwa kwetu kuanikwa kwenye mawe ya mbele ya ngazi. Mama Bata ndiye aliyeamua, eti yaliyotoka kwetu yarudi kwetu tuyatazame yakifa. Amepanda upya na maji yanamfikia. Alinipokea kwa kunitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Kumbe ndiye wewe uliyetuletea maua." Kila Jumamosi ananiita Bibi Maua. Nimekubali, sina pa kukatia rufaa.

Lakini halijaisha. Ukipita asubuhi unayaona madogo yamechomoza tena kwenye tope, kijani laini, na moyo unakata tamaa. Afisa anasema mbegu zinaweza kulala kwenye tope miaka, kwa hiyo tusidhani. Tunang'oa, tunapumzika, tunang'oa. Viganja vyangu vimekuwa vya kwako. Sikujua, Dada. Uliniandikia uchovu wako wote nikausoma kama habari za redio. Usiku nikimgeuza Baba kitandani nasikia mgongo wangu ukilia, nakukumbuka wewe na ule mwiko wako.

Baba alinipokea vizuri, hilo nilikueleza. Siku za mwanzo alinishika mkono hakuniachia. Halafu akanizoea. Sasa ananiita kwa kugonga fimbo, kama anavyomwita paka.

Ninalotaka kukwambia ni hili. Nimenunua mabuti mapya. Yale yako yanaingiza maji, nikayatoa nikayaweka kwenye rundo la takataka. Jioni nayakuta kwenye karai. Lile la kutu, la pembeni ya ngazi. Yamesimamishwa wima, yamefutwa tope, yanatazama barabarani. Nikadhani ni mambo yake ya kusahau, nikayarudisha takatakani. Kesho yake yako kwenye karai. Nikamwambia, Baba, haya yametoboka, hayafai kitu, acha niyatupe.

Akayawekea fimbo mbele. Akasema, "Ni ya mtoto."

Nikacheka. Nikamuuliza, "Na mimi je?"

Akasema, "Wewe upo."

Niliingia ndani nikakaa kitandani kwako. Sikuumia, nakuapia. Nilifikiria tu jinsi ulivyoyasikia maneno hayo na hakukuwa na mtu wa kukwambia maana yake.

Asubuhi anakaa pale penye karai. Juzi alinituma kwa kidole nimletee barua yako, ile ya mwanzo tangu ufike. Nikamsomea habari za chumba na madirisha, na shemeji alivyokuja kukupokea stendi na mkokoteni mzima wakati ulikuwa na begi moja. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuza bahasha chini juu, akaitikisa. Nikamuuliza anatafuta nini. Anatafuta karatasi yake.

Hukuweka. Mimi siku zote niliweka. Wewe hukuwahi kumwandikia maishani mwako, ulikuwa naye.

Mdogo wako,
Kitindamimba (sasa Bibi Maua)


Tarehe 1 Desemba

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta niko dirishani. Nimeisoma, nikampa shemeji yako naye akaisoma, akanirudishia, akaenda kuchemsha maji. Leo sina mengi ya kukwambia wewe. Bado nalala sana. Nikiamka usiku natega sikio, halafu nakumbuka hakuna wa kumsikiliza. Mkande mkono kabla ya kulala, si asubuhi.

Ya Baba hii hapa chini. Nimeichana mara nyingi. Msomee penye karai.

Dada yako

(Karatasi ya Baba)
Shikamoo Baba. Hii ni mara yangu ya kwanza kukuandikia, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Nimefika, nimetulia, chumba kina madirisha mawili na yote yanafunguka. Mwenyewe bado nina uchovu wa zamani, unatoka kidogo kidogo.

Nasikia mabuti yangu unayo wewe. La kushoto limetoboka kisigino na la kulia linavuja kwenye mshono. Hayana kazi tena. Usimruhusu Kitindamimba ayatupe. Nitakuja kuyavaa mwezi wa nne, nimsaidie mferejini siku chache, halafu nitayarudisha palepale kwenye karai.

Meza ya huku ni fupi, naandika nikiwa nimeinama.

Shikamoo, Baba. Itikia kwa sauti, ataniandikia kama umeitikia.

Mtoto wako wa kwanza